Fatiha Sebuleni kwa Wakwe

Alhamisi, saa kumi na moja alasiri, mimi na mama tulikwenda mtaa wa Khuwair kumposea kaka. Njiani mama alinionya, "Leo useme, wakwe wasije wakadhani nna mtoto bubu."

Sebuleni kwao palitundikwa picha kubwa ya rangi za mafuta: msichana wa gauni jeupe kalala, macho kafumba, na mzee kamshika kichwa analia. Nikaona huu ni msiba wao. Watu watundike maiti ukutani bure? Nikajikaza, nikasema, "Tumsomee Fatiha marehemu."

Wote wakainua mikono, wakasoma mpaka amin, wakajipangusa nyuso. Ndipo nyanya wa bibi harusi akauliza, "Kwani kafa nani?"

Nikamwonesha picha.

"Huyo mtu wa hadithi, mwanangu!" akasema mama wa bibi harusi. "Mchoraji wa Ulaya wa zamani kamtoa kitabuni. Na humo hakufa, kazimia tu."

Mama yangu aliinamia zulia. Nikajua nimemharibia kaka posa.

Asubuhi yake wakapiga simu kwamba wamekubali, na bibi harusi anataka kuzungumza na yule aliyewasomesha Fatiha. Nilijifunika shuka gubigubi, nikamwambia mama aseme nimelala.