Namba Pembeni ya Jina la Atim

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka, kisha kicheko chenyewe kinaishia njiani. Siku hiyo nilimponza dada yangu. Nilimponza nikiwa nimekaa kitini hapa hapa Makindye, miguu juu ya kigoda, kikombe cha chai mkononi. Watu wengine huhitaji kusafiri ndipo waharibu mambo. Mimi niliyaharibu bila hata kuvaa viatu.

Kwanza nikuambie mimi ni nani, usije ukadhani unashauriwa na profesa. Masomo yangu yaliishia Senior Four, yaani kidato cha nne, na safari zangu nyingi ziliishia getini. Baba yetu alikuwa askari kutoka Kitgum, mama ni Mwislamu wa Kasubi, wa ukoo wa wauza vitambaa. Tulilelewa kambini kwa Kiswahili, Krismasi tunakula pilau na Idi tunakula pilau. Baba alipostaafu akanunua kipande hiki cha kilimani, nami nikaota mizizi, nikawa nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Nilikuwa nakaribia miaka thelathini, lakini kwa mtu asiyetoka nyumbani, thelathini bado ni utoto.

Mdogo wangu Atim hakuwa mtu wa kukaa. Alifundishwa sataranji na Mzee Drani, mstaafu wa jeshi mwenye kibanda cha kutengeneza redio huko chini sokoni. Akawamaliza wachezaji wa Makindye, akavuka akawamaliza wa Bwaise, mpaka akachaguliwa timu ya taifa ya wanawake, akapanda ndege kwenda kwenye mashindano ya mataifa. Mimi nilijua kete zinavyotembea, basi. Farasi wa mtu akinirukia, nilishtuka kama nimeona farasi kweli.

Simu lakini nilikuwa nayo. Mashindano yale yalionyeshwa mtandaoni moja kwa moja, bodi ndogo ndogo zimejipanga kama vigae, na juu ya kila bodi bendera, jina la mchezaji, na pembeni ya jina, namba. Hiyo namba ndiyo iliyoniteka. Nikataka kujua inatoka wapi. Kuuliza si ujinga, nami niliuliza simu mpaka kuku wakanililia njaa. Nikagundua kwamba namba ile ndiyo kiwango cha mchezaji, na kila mmoja anatembea nacho kama mzigo wa kichwani. Akimshinda mkubwa wa namba, kinapanda kwa kishindo. Akimshinda mdogo, kinapanda kidogo tu, kama chumvi ya kuonjea. Akishindwa na mdogo, kinaporomoka na aibu juu yake. Na mdogo akitoka sare na mkubwa, ni mdogo anayenufaika. Hili la mwisho nililipenda kupita yote. Likawa karibu dini yangu.

Nikaanza kuwafuatilia watu ambao hata nikikutana nao leo siwezi kuyatamka majina yao. Kulikuwa na bibi mmoja wa nchi za barafu, namba yake inashuka kila mwaka lakini haachi kuja. Nilikuwa najiuliza anakunywa nini asubuhi, na wajukuu wake humwambia nini akifunga begi. Kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja, namba yake ndogo kabisa, lakini alikuwa anawatafuna watu wazima kama mchwa anavyotafuna mlango. Angalia hapo, mwanangu. Mtoto yule alikuwa ananifundisha bure, kila siku, mbele ya macho yangu. Mimi nikawa nahesabu tu ameongeza ngapi. Asiyejua maana haambiwi maana.

Sasa shika hapa, maana ndipo penyewe. Kwenye mashindano yale, mchezaji akipata nusu ya pointi zote alipewa jina la ustadi, linaandikwa mbele ya jina lake mpaka anazikwa. Kushinda ni pointi moja, sare ni nusu. Zilibaki mechi mbili, na Atim alihitaji pointi moja na nusu. Kambini kwetu hakuna aliyewahi kulipata jina kama hilo, mwanamume wala mwanamke. Mama alikuwa ameshaanza kuwatangazia majirani, wengine wakidhani binti anakwenda kusimikwa uchifu.

Orodha ya mechi ilipotoka nikatazama mpinzani wake, jasho likanitoka. Alikuwa ameizidi namba ya Atim kwa mia tano nzima. Nikashika kalamu, nikapiga mahesabu nyuma ya kalenda ya duka la vyakula vya kuku, nikamwandikia Atim ujumbe kabla hajaingia ukumbini, maana mle ndani simu haziruhusiwi. Nilimwambia mpinzani yule si saizi yake. Akiona upenyo wowote, hata mdogo, aombe sare akimbie nayo. Nusu leo kwa jitu hili, na kesho atapangiwa mnyonge, amalizie pointi nzima. Nilimwekea na asilimia za nafasi yake ya kushinda. Akanijibu maneno machache: "Sawa kaka. Wewe ndiye mwenye hesabu."

Nilijisikia waziri.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakusema kama inaweza kumpiga aliyesimama karibu na nyoka.

Alasiri ile nilikaa na simu yangu. Usidhani nilikuwa natazama bodi. Bodi ilikuwa na kete nyingi mno, zinanichosha. Nilikuwa natazama jina, namba, na lile pengo ambapo matokeo huandikwa. Ghafla ikatokea: nusu kwa nusu. Sare. Niliruka nikamwaga chai. Nikapiga hesabu ya kiwango alichopanda, nikashindwa kukaa, nikashuka sokoni na ndala zangu kumpasha Mzee Drani habari.

Nilimkuta kibandani, redio moja iko wazi matumbo nje, na karibu yake bodi yake ya mbao imepangwa kete chache. Nikaanza kuongea kabla ya salamu. Akainua mkono.

"Kijana, shikamoo zimeisha Makindye?"

Nikaamkia. Akanionyesha kigoda, akasema kabla ya habari yangu nimsaidie jambo moja. Hapo bodini, kama ningepewa kuchagua, ningecheza upande gani?

Nikainama nikatazama. Askari wa nyeupe alikuwa amebakiza nyumba mbili tu ageuke malkia. Ngome ya nyeupe ilikuwa inamlinda kwa nyuma. Mfalme wa nyeusi alikuwa amejibanza pembeni kabisa, mbali, kama mtu aliyefika msibani akakosa pa kukaa. Hata mimi, na sataranji yangu ya kuku, niliona.

"Nyeupe, afande. Nyeusi amekwisha. Hii hata mama yangu anashinda."

"Nyeupe ni dada yako," akasema Mzee Drani. "Hapo ndipo alipoomba sare."

Mwanangu, nimewahi kunyeshewa na mvua ya Bwaise, ile inayokuja na taka zake, lakini sikuwahi kulowa kama nilivyolowa kwenye kigoda kile. Kumbe mzee naye alikuwa anafuatilia tangu mchana, kwenye simu yake yenye kioo cha nyufa, ila yeye alikuwa anafuatilia mchezo. Akaniuliza taratibu, na nilisikia ni swali kweli, kama fundi anayeuliza redio imeangukia wapi, kwa nini binti aliyemfundisha kwa mkono wake amesimama mlangoni mwa ushindi akarudi nyuma. Ningeweza kudanganya. Nikamtolea simu, nikamwonyesha ujumbe wangu pamoja na asilimia zake.

Alisoma mara mbili. Akaniambia, "Namba hii inajua ya jana. Leo haijaiona. Wewe je, uliitazama leo?"

Nikaichukua simu yangu, nikaizima.

"Uliogopa," akasema. "Kuogopa si kosa, hata vitani tuliogopa. Lakini wewe umemtuma dada yako akaogope badala yako."

Nikataka kumpigia Atim pale pale nimwombe radhi. Mzee akanikataza. Akasema radhi ninayotaka kuomba ni ya kunipunguzia mimi uzito, na Atim kesho anacheza. Nimwache ale, alale, na nisimtumie hata salamu yenye namba ndani. Nikapanda kilima na ndala zangu. Mama akaniuliza habari, nikasema ni nzuri. Huo nao ulikuwa uongo, nimeshautubia.

Kesho yake, yule mnyonge wa hesabu zangu hakutokea. Atim akapangiwa mwanamke wa namba inayokaribiana na yake, mgumu kama mpingo. Safari hii niliitazama bodi mwanzo mpaka mwisho. Zaidi ya saa nne, mwanangu, na sikuelewa nusu ya nilichokiona, lakini niliona mtu anavyokataa kuvunjika. Atim alizidiwa askari wawili, akajishikilia, akarudisha mmoja, akarudisha wa pili. Ikaisha sare, sare ya haki, ya watu waliochoka. Kwa hiyo alipata pointi moja mahali alipohitaji moja na nusu. Nusu iliyokosekana nilijua iko wapi. Ilikuwa nyuma ya kalenda yangu.

Siku aliporudi nikapanda gari mpaka Entebbe. Nilikuwa sijawahi kufika uwanja ule wa ndege. Alipotoka akisukuma begi, akaniona, akasimama.

"Kaka, umefika Entebbe? Nani amekufa?"

Nikamwambia hajafa mtu, nimekuja kubeba begi. Nikalibeba. Kwenye maegesho nikamweleza yote, ya bodi na ya Mzee Drani, nikasema nisamehe. Akaniambia alijua anashinda. Alikuwa amenyoosha mkono asukume askari mbele, akaiona ile namba kwenye kibao cha jina la mpinzani, akanisikia mimi.

"Mkono ulioomba sare ni wangu," akasema. "Huo nitaubeba mwenyewe. Lakini siku nyingine ukiogopa, niambie, Atim, naogopa. Ukiniambia hivyo nitacheka, nicheze. Usiniletee hesabu."

Jina lile hakulipata mpaka leo. Safari iliyofuata walichaguliwa wengine, na iliyofuata hiyo alikuwa ananyonyesha. Sasa anafundisha watoto Jumamosi, na hajawahi kunisimanga hata mara moja, jambo ambalo ni adhabu kubwa kuliko masimango. Mimi bado nafuatilia mashindano, udadisi haukunitoka. Yule bibi wa barafu bado anakuja. Mwaka huu namba yake imeshuka tena, na nilimwona akimbana kijana mmoja bingwa mpaka kijana akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikashangilia peke yangu. Kuku wakakimbia.

Basi mwanangu, wewe mwenye simu nzuri kuliko yangu, unayejua kiwango cha kila mtu kabla hujajua anacheka namna gani, nisikilize. Sikukatazi namba. Zipende, ziulize zimetokaje, kwani aliyezitunga hakuwa mjinga. Ila kiwango ni nyayo za mtu, zinakuonyesha alikopita. Anakokwenda hujui, na pengine yeye mwenyewe hajui. Kabla hujasema nani mkubwa na nani mdogo, itazame bodi. Wakikupanga na mtu mwenye namba ya kutisha, msalimie vizuri, maana heshima si utumwa, kisha cheza kilicho mbele yako. Ukiona unashinda, shinda. Na ukiwa wewe ndiye uliyebaki nyumbani, na mwenzio ndiye yuko uwanjani, chunga sana unachomtumia. Hofu yako ni yako. Usiivishe nguo ya hesabu ukamwazima mtu anayekuamini, kwa sababu ataivaa.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akupe macho ya kuona siku yenyewe ilivyo, akupe mkono usiorudi nyuma ukishanyooka kwenye haki yake, na kwa siku utakazoshindwa akupe ndugu wa kukubebea begi. Amina. Nenda ukacheze.