Mabati ya Leta na Mpaka Wetu

Mateso yangu yalianza mwaka 1972, mwaka wa mauaji, nikiwa na miaka minane. Mama alinishika mkono akanipandisha kwenye mtumbwi wa wavuvi hapa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, na baba akabaki nyuma, akisema atatufuata. Hakutufuata. Wengine wana maneno mengi juu ya mwaka ule, mimi sina. Ninachojua ni kwamba baba alikuwa na shamba la michikichi kati ya mji na Kigwena, na kwamba nilikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, bila shamba na bila baba. Shule niliishia darasa la pili. Haya ninayaandika kwa mkono wangu, binti yangu ananipangia herufi tu. Maneno nimemkataza kuyagusa, maana yeye amesoma sana na angeyalainisha.

Nilirudi mtu mzima, na mke, watoto na baiskeli. Kwenye shamba la baba nilimkuta mama mmoja mjane. Sitamwita mwizi. Mume wake aliwekwa pale na Leta ya wakati ule (Leta ndiyo serikali, sisi hapa tunaita hivyo), yeye akaolewa pale, akazaa pale, akamzika mume wake nyuma ya nyumba. Mimi nilitaka shamba lote. Yeye naye alitaka shamba lote. Watu wa tume ya ardhi wakaja na kamba yao, wakakata katikati: upande wa juu, wenye nyumba, wakampa yeye, upande wa chini, unaotazama ziwa, wakanipa mimi. Katikati wakapandisha mstari wa minyaa, miti ya ua, ukishuka kwa mshazari. Tulikataa wote wawili mbele yao, kila mmoja akasema ataendelea kudai. Kesi ikabaki wazi, na minyaa ikakua.

Asiyeijua pwani hii lazima aelewe jambo moja. Kwetu, ukipanda juu ya mchikichi ukakata majani makavu, umesema mbele ya watu wote kwamba mti ni wako. Ukifyeka nyasi chini yake, umesema hivyo hivyo. Sasa kando ya ile minyaa kulikuwa na ukanda wa michikichi ambayo kila mmoja wetu aliihesabu kuwa yake. Nikituma mtu kukata, mama anatoka jikoni na mwiko mkononi. Siku moja alimwambia mfanyakazi wangu, Mkongomani wa Uvira, "Wewe mukongomani, mwambie tajiri yako hiyo miti iko na mwenyewe." Jamaa akarudi anacheka. Mimi sikucheka, lakini sikumlaumu, kwa sababu juma lililotangulia nilikuwa nimemfukuza mkwe wake mahali pale pale. Basi haikukatwa. Miaka ikapita, majani makavu yakaning'inia mpaka chini, nyasi zikafika kifuani. Na si kwetu tu. Kuanzia mjini mpaka Kigwena, kila shamba lenye kesi lilikuwa na ukanda wa namna hiyo.

Upande wangu mwingine niliutunza kama mtu anavyotunza kitanda chake. Mimi nilianza na baiskeli na madumu mawili. Nilinunua mawese Rumonge, nikayapeleka Gitaza, nikabadilishana na ndagala kavu, yaani dagaa, nikazirudisha huku nikauza. Miguu ilivimba, mfuko ukavimba pia. Kisha nikanunua mashine ya kukamua, kisha nikaanza kupika sabuni. Hakuna mtu wa chama aliyenisukuma baiskeli kwenye ile milima ya Muhuta. Nasema hivi ili ijulikane nilisimama wapi wakati wanasiasa walipokuja kunifundisha maisha.

Moto ulikuja kiangazi cha mwaka juzi, saa za mchana. Mtu fulani huko juu alichoma nyasi ili mbuzi wake wapate majani mabichi, jambo ambalo hufanywa kila mwaka. Upepo ukashuka kutoka mlimani. Nilikuwa kwenye mashine, nikasikia sauti kama mvua ya mawe juu ya bati. Kwenye sehemu yangu iliyofyekwa moto ulitambaa chini tu, tukaupiga na vigogo vya migomba ukafa. Lakini pale kwenye ukanda uliogombewa ulipata barabara. Ulipanda kwenye majani makavu, ukaruka mti hadi mti, ukashuka na minyaa yote, halafu ukageuka kulia na kushoto. Nyumba ya mama iliungua mpaka mabati yakajikunja. Banda langu la mashine likaanguka. Michikichi mingi ya upande wangu ikabaki nguzo nyeusi. Mawese yaliyokuwa kwenye mapipa sitaki kuyazungumzia.

Mama akaenda kulala kanisani kwake na wajukuu wake. Mimi nina nyumba mjini, nililala kitandani kwangu, sikupata usingizi lakini kitanda nilikuwa nacho. Kati yangu na yeye hiyo ndiyo ilikuwa tofauti, na mvua ilikuwa inakaribia.

Majivu hayajapoa, siasa ikaanza. Kwenye vibanda vya bia mmoja alisema Leta imelala, mwenzake akauliza walitaka Leta ifanye nini, izime moto kwa mate? Wa tatu akasema mikoa mingine ikipata mafuriko malori hufika kesho yake, sisi wa ziwani hutukumbuka siku za kura tu. Nilikunywa changu. Kisha malori yakafika kweli, na mabati, maharagwe na miche ya michikichi, na watu wakaitwa kwenye uwanja wa shule ya msingi.

Pale ndipo tulisikia sharti. Shamba lenye kesi halipewi kitu. Walisema Leta haiwezi kumpa mtu bati la kujenga au mche wa kupanda mahali ambapo haijulikani ni pa nani, kwa sababu kesho atasema, Leta yenyewe ilinipandishia miti hapa, basi ni kwangu. Sitawadharau, hoja ilikuwa na akili. Lakini moto wenyewe ulikuwa umepita kwenye mashamba yenye kesi! Wasio na kesi walifyeka mipaka yao, hawakuungua. Msaada ulikuja kwa watu ambao hawakuruhusiwa kuupokea.

Aliyesimama kuisema hiyo alikuwa rafiki yangu wa zamani, tuliyekua naye makazini Tanzania, sasa ni mtu wa upinzani. Alisema Leta imeleta chakula na kufunga mdomo wa mlaji. Watu wakapiga makofi. Akainuka kijana wa chama kinachotawala, viatu vinang'aa katikati ya vumbi la majivu, akasema Leta imetoa, wanaogombana ni sisi, na kama hatupatani malori yatakwenda kilima kingine ambako watu wanajua kusema murakoze, yaani asante. Hapo ikawa kelele. Huyu anasema ni kodi yetu, yule anasema ni zawadi ya chama, huyu anauliza chama kina shamba gani la maharagwe. Shefu wa kilima, ndiye mkuu wa kijiji kwetu, mtu mpole asiyependa ugomvi, alibaki anapuliza filimbi kama mwamuzi wa mpira. Mwishowe akasema atapita mashambani kesho. Atakayemkuta amepatana na mwenzake juu ya mpaka, atapewa. Atakayemkuta anadai, atampita.

Nilipotoka, yule kijana wa chama akanifuata mpaka kwenye pikipiki yangu. Akaniita mzee wetu, akauliza habari za sabuni. Kisha akasogea.

"Muzee, minyaa imeungua. Mupaka haionekane tena. Ingia kwetu, wewe useme shamba lote iko yako, sisi tutasimama nyuma yako."

Nilimuuliza na yule mama atakwenda wapi. Akasema mama ana ndugu zake bara. Nilimtazama vizuri. Hivyo hivyo, kwa mdomo wa mtu kama yeye, ndivyo shamba lilivyotoka kwa baba yangu likaingia kwa mume wa mama. Nikamwambia, "Mwanangu, leo ninyi mko nyuma yangu. Kesho mkigeuka mutakuwa mbele yangu. Acha niwashe pikipiki yangu." Nikaondoka.

Jioni hiyo rafiki yangu wa upinzani naye akaja nyumbani. Alitaka sisi wote tuliorudi kutoka ukimbizini tukatae. Turudishe malori yakiwa yamejaa vile vile, ili redio iseme na Leta ione aibu kabla ya uchaguzi. Alikuwa na nusu ya haki, na nusu ya haki humfanya mtu aongee kwa muda mrefu. Nilimwambia mimi nitakubali mpaka wa tume. Akaweka bia yake chini, kisha akasema neno ambalo hakuna mtu mwingine angeniambia akatoka salama mlangoni kwangu.

"Unamuuza baba yako kwa mabati?"

Nilimjibu kwamba mabati si yangu, mimi sihitaji hata moja. Baba aliniachia michikichi, hakuniachia maneno. Michikichi imeungua kwa sababu ya maneno. Kama nitabaki na maneno, nitakuwa nimechoma na nusu iliyobaki. Akaondoka bila kumaliza bia. Mpaka leo tunasalimiana amahoro, amahoro, yaani amani, na hatukai meza moja.

Wasomaji wasidhani nililainika moyo. Nilikuwa nimepiga hesabu. Shamba la kesi benki hailitaki, fundi hataki kujenga juu yake, na sasa nilikuwa nimeona kwamba hata moto hulipenda. Nusu yenye amani ina mawese mengi kuliko nzima yenye kelele. Lakini nitasema pia kwamba nilipofikiria wajukuu wa mama wakilala kanisani kwenye sakafu, nilimkumbuka mama yangu mwenyewe Kigoma, amekaa juu ya kifurushi, akingoja mtu aseme waende wapi.

Asubuhi nilimkuta shambani, anachokoa misumari kwenye majivu. Shefu wa kilima alikuwa anakuja njiani na watu nyuma yake, kwa sababu watu hapa hawawezi kuona mpaka bila kuufuata. Mama hakuinua kichwa. Alisema kama nimekuja kumwambia aondoke, nimwache kwanza akusanye misumari.

"Mama," nikamwambia, "mupaka wa tume nimeukubali. Wewe onyesha ulipita wapi."

Alisimama. Alinitazama kwa muda kama mtu anayekagua noti sokoni. Nadhani alitafuta mtego. Kisha akafunga kitenge vizuri, akaenda juu ambako minyaa ilianzia, akaanza kushuka polepole, anaburuza mguu kwenye majivu kuchora mstari, sisi tukimfuata. Alikwenda sawa mpaka katikati. Hapo akapinda kidogo kuelekea kwangu, akaizunguka michikichi miwili mizuri iliyopona moto, akaiacha upande wake, akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mama, rudi," nikasema.

Akageuka. "Kwani wapi?"

"Pale ulipopotea njia."

Watu wakacheka, naye akacheka, mara ya kwanza kwangu kuona meno yake tangu nirudi Burundi. "Nilitaka kujua kama huyu Mutanzania iko na macho," akamwambia shefu. Akarudi, akafuta ule mstari kwa mguu, akauchora mahali pake. Shefu akamuuliza kama na yeye anakubali, kwamba upande wa chini hataudai tena. Hapo cheko likaisha. Alitazama upande wangu wote mpaka ziwani, na mimi nilijua anachotazama, kwa sababu ndivyo nilivyoutazama wa kwake miaka yote. Kisha akasema, "Nimekubali. Munipe mabati, mvua inakuja."

Alipewa siku ile ile. Hayakuwa mengi kama yalivyotangazwa, na yalikuwa membamba, mtu aweza kuyakunja kwa mikono. Niliyasema hayo mbele ya kijana wa chama, naye akaandika kitu kwenye simu yake. Mimi nilichukua miche na maharagwe. Miche nusu ilikufa, ilikuwa imekaa kwenye lori bila maji. Nilisema na hilo pia. Mtu kukubali msaada si kushonewa mdomo. Majirani wengine walipatana baada ya kutuona, wengine walikataa, na malori yaliwapita kama ilivyosemwa. Mpaka leo kwenye vibanda vya bia wanabishana kama ni Leta iliyotuokoa au iliyotudhalilisha. Wakiniuliza, nawaambia waende wakafyeke.

Sisi wawili tulifanya hivyo kabla mvua haijaanza. Upande wa mstari unaomhusu kila mmoja alikata majani yake, Mkongomani wangu juu ya miti ya kwangu, mkwe wake juu ya miti ya kwao, wanatukanana kwa mzaha kutoka mti hadi mti. Minyaa mipya tulipanda pamoja, mama akiwa na kamba upande mmoja. Hatujawa marafiki. Ananunua sabuni kwangu na kulalamika kwamba inayeyuka haraka. Haiyeyuki haraka.

Leo nina hivi. Nusu ya shamba la baba yangu, upande wa chini. Mashine ya kukamua, na banda jipya juu yake, kwa bati nene nililonunua mwenyewe. Sufuria mbili za kupikia sabuni. Nyumba ya matofali mjini Rumonge, vyumba vitano. Pikipiki moja. Mtumbwi mmoja Kabonga, ninaukodisha kwa wavuvi. Mbuzi wachache, wamefungwa kamba. Kesi sina.