Vita vya Mama Pindo na Jua

Wateja walimwita Mama Pindo kwa sababu hakuna aliyekunja pindo la sketi likanyooka kama lake. Alizaliwa na ualbino, na kwa miaka ishirini cherehani yake ilikaa dirishani, ambako mwanga ulimsaidia macho. Kisha kikamtoka kidonda kidogo juu ya sikio, kikagoma kupona. Daktari wa ngozi alikikata, akapeleka kipande maabara, na jibu likarudi: ni saratani, lakini imewahiwa, imetolewa yote.

Mama Pindo alishukuru, akarudi nyumbani, akalitangazia jua vita. Cherehani ikahamia pembeni, chini ya taa. Dirishani akaning'iniza mapazia mawili mazito juu ya lile la zamani. Nguo za wateja zikawa zinapokelewa mlangoni na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyeishi naye. Mwaka wa pili ukaisha hajakanyaga uani mchana.

"Wifi, humu ndani hata uyoga ungeomba taa," yule dada alimtania.

"Acha uombe. Mimi sikio langu nalitaka."

Balaa likaja kwa mlango mwingine. Nyonga zilianza kumuuma, ngazi tatu za barazani zikawa mlima, na mguu ukachoka kukanyaga cherehani kabla ya saa nne asubuhi. Wifi hakubishana naye. Alimvika kofia, akamshika mkono mpaka kliniki, damu ikapimwa.

Daktari yule yule aliisoma karatasi ya majibu. "Mama, vitamini D yako iko chini mno. Ndiyo maana mifupa inalalamika."

"Hiyo si ndiyo inayotokana na jua? Basi nimekwisha. Nikitoka, saratani; nikikaa ndani, mifupa."

"Hujakwisha. Ngozi yako haina haja ya kuota jua. Kuna vidonge, mayai, samaki wenye mafuta."

"Na hivyo vidonge vitazuia saratani isirudi?"

Daktari alijikuna kidevu. "Ningependa kukwambia ndiyo. Ila watafiti bado wanavutana: wapo wanaoona vitamini hiyo inasaidia, wapo wasioona. Ninachojua, mifupa yako inaihitaji. Saratani tutaikinga kwa kofia, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, na wewe kuja nikukague kila miezi sita. Mimi nilikwambia kivuli, mama. Giza sikukuandikia."

Wifi alicheka mpaka akashika meza. Mama Pindo alijaribu kununa, ikamshinda.

Vidonge havikufanya miujiza. Wiki zilipita, kisha asubuhi moja akagundua amepanda barazani na robota la kitambaa begani bila kushika ukuta. Alikaa chini akapumua, machozi yakimlengalenga, akamwita wifi aje kumshuhudia akipanda tena.

Siku hizi yeye na wifi huenda wenyewe dukani kuchagua vifungo, jua likishapoa, wamevaa kofia pana alizozishona Mama Pindo mwenyewe. Hubishana rangi njia nzima, na mwenye duka huwasikia kabla hajawaona.