Nondo wa Nyumbani

Huyu fundi cherehani ninayetaka kukusimulia habari zake, usimwone kimya ukadhani hana maneno. Anayo, tena ya kumwaga! Ila mdomoni mwake mchana kutwa kuna pini, na mtu mwenye pini mdomoni utabishana naye nini? Watu walimwita Dada Pindo kwa sababu alikataa katakata nguo itoke dukani kwake bila pindo la mikunjo miwili, hata kama mteja amesimama mlangoni anapiga kelele kwamba harusi imeshaanza. "Na likifumuka ukiwa katikati ya kucheza?" alikuwa akiuliza. Mteja alinywea, akakaa.

Kitu kimoja tu kilikuwa na uwezo wa kumtemesha zile pini, nacho ni shairi. Likimjia, alizitema zote kwenye kiganja, akakanyaga cherehani kwa mwendo wa mizani, nane, pumzi, nane, na duka zima likanyamaza. Hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Akisikia mshairi redioni anasema hasira ni moto, aliguna mpaka mteja aliyekuwa anapimwa kiuno akaruka. "Moto tena! Jamani, kila mwenye hasira anaungua tu? Hakuna hata mmoja anayekwama zipu?"

Nyumba waliachiwa na wazazi, yeye na mdogo wake wa kike. Duka lilikuwa mbele, nyuma vyumba viwili vinatazama ua, na katikati ya vyumba hivyo ukuta mwembamba, mtu akipiga chafya huku wa kule anamwitikia. Chumba kimoja cha Dada Pindo. Cha pili cha mdogo mtu na mumewe, fundi wa kufunga vyuma kwenye majengo, jitu la mabega hasa, lenye mdomo wa mchekeshaji. Kazini na mtaani kote aliitwa Nondo, kama vyuma vyenyewe anavyofunga. Kwa Dada Pindo alikuwa shemeji tu, asubuhi shemeji, jioni shemeji, hata ungemuamsha ghafla ukamuuliza jina la yule bwana angekuambia shemeji.

Basi jioni shemeji akirudi, vicheko vinaanza. Mdogo mtu alikuwa na kicheko cha kuanguka kitandani, cha kuomba maji. Na kila kilipovuka ukuta, Dada Pindo alikalia cherehani akakanyaga kwa nguvu hata kama hakuna kitambaa chini ya sindano. Ukimuuliza, anakwambia anaitia mafuta.

Siku moja redio ikatangaza mashindano ya mashairi. Weee! Mada ni hisia zinazombomoa binadamu. Kila mshairi anaokota karatasi, anakuta hisia yake, na kazi yake ni kuionyesha kwa mfano wa kitu, mnyama, mdudu, chochote kile, ila asiitaje kwa jina. Ukiitaja tu, umetoka, hakuna cha kujitetea. Ubeti wa kwanza unasomwa Jumamosi hii, wa mwisho Jumamosi ijayo, na mfano uliouanza nao ndio utakaoumaliza nao. Kinyozi mmoja akaokota hasira, akashukuru, maana sufuria lenye mfuniko alikuwa nalo kichwani siku nyingi. Muuguzi mstaafu akapata chuki, akasema papo hapo atatumia kutu. Dada Pindo akafungua karatasi yake, akakuta wivu.

Akarudi nyumbani kichwa kitupu. Nyoka? Kachoka, kila mshairi anambebesha mizigo yake. Jicho? Wamelimaliza. Miiba? Aaa, mambo ya kitoto! Huku anajisemea hivyo, akafungua kabati kutafuta kitambaa cha bitana, mkono ukavuta hariri yake. Hii alikuwa ameinunua zamani, kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, ile iliyozungumzwa na kuzungumzwa mpaka mazungumzo yakajifia. Ilikuwa imekunjwa vizuri, inang'aa, haina doa. Akaikunjua mbele ya dirisha. Mwanga ukapenya kila mahali. Matundu! Hariri yote ni matundu, imeliwa kutoka ndani, na kwa nje hujui lolote.

Ungedhani atalia. Thubutu! Alipiga ukelele wa furaha uliowakimbiza kuku uani. "Nimempata! Nimempata!"

"Umempata nani?" mdogo wake akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Nondo!"

"Mbona yuko kazini? Unamtakia nini?"

Wala hakumsikia. Alikuwa ameshatema pini, anakanyaga, nane, pumzi, nane. Na Jumamosi alisimama mbele ya kipaza sauti, amevaa gauni alilolishona mwenyewe, akasoma kwa sauti ambayo hata mtangazaji alisahau kuinua macho kwenye karatasi zake:

*Nondo kaingia ndani, hodi hakuitamka,*
*Kajificha kabatini, nguo zilipopangika,*
*Ala hariri laini, kwa nje haikutoboka,*
*Nondo huyu wa nyumbani, nani aje kumshika?*

Makofi! Simu za wasikilizaji zikagongana. Kinyozi mwenyewe akampa mkono akamwambia, "Dada, mimi na sufuria langu tumekwisha." Dada Pindo alirudi mtaani miguu haigusi chini, anatabasamu na watu asiowajua, tayari amepanga atakavyojifanya hajali wakimsifu.

Mtaa ulikuwa unacheka. Ila mbona kicheko chenyewe cha namna hii? Muuza mkaa alimkonyeza. "Dada Pindo, leo umempasha shemeji yako! Hodi hakuitamka, ehee! Anakula hariri bure!" Mwenye duka la jirani akashika mbavu. "Na kweli, kahamia kwenu mazima. Nani aje kumshika? Hakuna, mabega yale!"

Hapo ndipo lilipomwingia. Nondo! Mtaa mzima una nondo mmoja tu, ana miguu miwili, na analala ng'ambo ya ukuta wake.

Alimkuta mdogo wake mlangoni, mikono kiunoni, macho mekundu.

"Umefurahi sasa? Umemtangaza mume wangu redioni?"

"Mdogo wangu, nisikilize. Ni mdudu! Nondo yule mdudu, anayekula nguo!"

"Ahaa, kwa hiyo mume wangu mdudu!"

"Sijamsema yeye!"

Shemeji mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, bado ana vumbi la saruji kwenye nyusi. Kazini walikuwa wameusikiliza ubeti huo pamoja, na tangu hapo kila akiinama kukata chuma mtu anamghania juu ya kichwa. Yeye aliyezoea kuchekesha, siku hiyo hakuwa na utani. Akauliza polepole tu, "Shemeji, mimi nimekula nguo gani?"

Swali hilo lilimuuma Dada Pindo kuliko makelele yote. Akaapa, akaeleza mashindano, akaeleza karatasi, akaeleza kwamba yule mdudu ni mfano wa wivu na hana uhusiano na binadamu anayefunga vyuma. Mdogo mtu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza neno moja.

"Wivu wa nani?"

Dada Pindo akaanza kulinyoosha pindo la gauni lake.

"Nakuuliza, dada. Umetoa wapi? Hilo kabati la nani, hiyo hariri ya nani, huyo mwenye wivu ni nani humu ndani? Maana tuko watatu tu."

Jibu Dada Pindo alikuwa nalo, na lingetoka kwa neno moja. Lakini wewe ulishawahi kumwambia mdogo wako uliyemlea, uliyemshonea gauni la harusi kwa mkono wako, kwamba akicheka unaumia? Dada Pindo akatafuta pini za kutia mdomoni, hakuziona. Akasema, "Ni shairi tu."

"Shairi tu!" Mdogo mtu akatikisa kichwa. "Basi umelisema mbele ya watu wote, ukalikanushe mbele ya watu wote. La sivyo Jumamosi tunahama. Na tukihama, dada, usinifuate."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu, nyie! Vicheko vilikoma. Dada Pindo, aliyekuwa akivichukia, sasa alitega sikio ukutani kama mgonjwa anayengoja dawa, asisikie ila kabati linafunguliwa na vitu vinafungashwa. Wateja walikuja kumpa moyo: ushindi ni wako, malizia tu, mtie nondo mtegoni, mchome, watu watapagawa! Naye alikuwa na ubeti wa mwisho tayari, mzuri ajabu, una nondo anayezunguka taa mpaka anajiunguza. Hautaji wivu hata kwa mbali. Aliusoma kimoyomoyo kila siku, na kila siku ulizidi kuwa mzuri na kuzidi kumchefua. Wivu wake ulikuwa umejiunguza wapi? Si uko pale pale, umeshiba, na yeye anaondokewa na ndugu yake?

Jumamosi alfajiri gari la kukokota likasimama mlangoni. Shemeji akaanza kupakia. Dada Pindo akapita katikati ya vyombo, akasema, "Tafadhali, msiondoke kabla sijasoma." Mdogo wake alikuwa amekumbatia redio ndogo, ile ya jikoni, wala hakuipakia.

Studio ilijaa. Kinyozi akasoma sufuria lake, likafurika vizuri. Muuguzi akasoma kutu iliyokula kitanda cha hospitali mpaka aliyechukia na aliyechukiwa wakaanguka pamoja, watu wakaguna kwa kusikia raha. Kisha ikawa zamu yake. Mtangazaji akasema kwa madaha, "Na sasa yule tunayemngoja wote, Dada Pindo na nondo wake!" Wakashangilia kabla hajafungua mdomo. Pale mbele yake ushindi ulikuwa umeshaiva, ni wa kunyoosha mkono tu.

Ule ubeti wa taa akauacha. Akavuta pumzi, akaanza mwingine, ambao ndiyo kwanza anautunga huku anausoma:

*Nondo huyu, ndugu yangu, ni wivu, hakuna shaka,*

"Aaaah!" studio nzima. Kengele ya kumtoa ikalia, kriiing! Mtangazaji akapunga mikono, akanong'ona nje ya kipaza sauti, "Dada, umetoka! Umetaja!" Lakini wapi! Ukimzuia mshonaji katikati ya mshono unatafuta balaa. Akapandisha sauti juu ya kengele:

*Na kabati, moyo wangu, ndimo alimojiweka,*
*Mumeo, shemeji yangu, kosa halijamfika,*
*Ulipocheka mwenzangu, mwenzio nikatoboka.*

Kengele ikanyamaza yenyewe. Hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Dada Pindo akasema asanteni, akashika mkoba wake, na akiisha kuvuka mlango wa studio akatimua mbio. Ndiyo, mbio, na gauni lile! Alipita wauza matunda, akapita kituo cha mafuta, viatu mkononi, watu wanamuita bingwa nyuma yake na wengine wanamuita kichaa, naye anaomba jambo moja tu, gari lile liwe bado lipo.

Lilikuwepo. Limepakiwa mpaka juu, kamba imekazwa. Mdogo wake alikuwa amekaa kizingitini na ile redio mapajani, imezimwa. Shemeji alisimama kando, hajui aweke wapi mikono.

Dada Pindo akasimama mbele yao, anahema. Maneno yakaanza kutoka bila mizani wala vina. "Ni kweli. Nilikuwa nakuonea wivu. Siyo wa mume. Sijui wa nini. Wa kucheka. Nilikuwa nakaa pale nakanyaga cherehani ili nisikusikie. Nihukumu, nitukane, lakini usihame."

Mdogo wake aliigeuzageuza redio mapajani. Alipoinua uso, haukuwa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Mimi nilijua ni mdudu," akasema.

"Nini?"

"Siku ile ya kwanza. Kabla hujafika mstari wa pili nilishajua ni mdudu. Mimi si mjinga, dada, tumezaliwa nyumba moja." Akaiweka redio chini. "Nilikuwa jikoni nakusikia. Vile walivyopiga makofi. Vile ulivyosoma. Nikajikuta naomba ukosee. Hata neno moja tu, ukosee. Halafu jirani akaja anacheka kwamba umemsema mume wangu, na mimi… dada, nilifurahi. Nimepata sababu."

Shemeji akamgeukia mkewe, mdomo wazi. Wiki nzima alikuwa ameghaniwa, amenuniwa, amefungasha na kupakia, mgongo unamuuma, na kumbe!

Wale ndugu wawili walitazamana. Aliyeanza kucheka sijui ni nani. Ninachojua ni kwamba mdogo mtu aliishia kuanguka begani kwa dada yake akiomba maji, na kwamba Dada Pindo naye alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kwa sauti ambayo shemeji hakuwahi kuisikia kwake hata siku moja.

"Samahani," shemeji akasema, mkono kwenye kamba. "Nishushe godoro au nisishushe?"

"Shusha!" wakamkemea wote wawili.