Kilichokuwa Tumboni mwa Samaki wa Fundi

Kazi ya Bi Magamba ilikuwa kupaa, asubuhi hadi jioni, ingawa ndege yenyewe aliijua kwa mlio tu. Alikuwa akipaa samaki. Mteja ananunua kule mnadani, anamletea mezani, naye anakwangua magamba kwa ubao uliopigiliwa vifuniko vya soda, anapasua, anatoa matumbo, anasuuza, na samaki anarudi kwa mwenyewe mtupu kama alivyozaliwa.

Magamba yalimfuata nyumbani, yakalala naye kitandani. Harufu nayo ilihamia mwilini kama mgeni asiyejua kuaga. Akiisugua kwa ndimu inanywea kidogo, inapumzika, inarudi. Akiingia benki foleni inampisha kama mke wa rais. Harusini alipata benchi zima peke yake. Mume alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mwanawe wa pekee, aliyeishi mji wa mbali, alikuwa na jibu moja kwenye simu: "Nitakupigia baadaye, mama." Baadaye yake haikuwa na siku.

Aliyemsogelea alikuwa mmoja tu, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, ambaye pua yake ilikufa kwa homa ya ujanani. Kila Ijumaa alileta samaki wake, akapindua ndoo, akaketi goti kwa goti na Bi Magamba.

"Pua yangu ni pambo," alikuwa akisema. "Naiacha tu uso usionekane kiwanja."

"Ungeishona mfuko, fundi, ingefaa kitu."

Wiki nzima Bi Magamba aliishi kwa maneno ya Ijumaa.

Sasa, kuhusu vitu vinavyomezwa na samaki siku hizi, watu wa soko wana yao. Wanasema Bi Magamba aliwahi kutoa kandambili nzima tumboni mwa jodari, ya mguu wa kushoto, akakaa mwezi akimngoja jodari mwenye ya kulia. Hiyo imetiwa chumvi, na samaki hakosi chumvi. Lakini vipande vya mifuko, nyuzi za nyavu, vifuniko vya kalamu, hivyo alivitoa kweli, akavidondosha kwenye ndoo ya taka kimyakimya.

Ijumaa moja fundi alikuja na furaha. Mke wa mwanawe alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa imechagua tumbo la samaki, lioshwe, likaangwe, basi. "Mkwe hali kingine," alisema. "Nisafishie vizuri, shemeji." Bi Magamba alisafisha. Ijumaa zilizofuata alisafisha tena, akiosha mara mbilimbili, na alichokikuta humo akakifunika kwa kiganja.

Halafu bwana afya akapita sokoni na kipaza sauti. Alisema plastiki haiozi, inamegeka na kumegeka mpaka jicho haliioni, na vipande vyake vimeshakutwa kwenye damu za watu, hata kwenye kondo la nyuma la wajawazito.

"Vinafanya nini humo?" akauliza muuza barafu.

"Tunahofia, ila hatujamaliza kujua. Samaki kuleni. Matumbo tupeni."

Usiku huo Bi Magamba aligeuka kitandani kama chapati. Akisema, fundi atakwenda zake, na nani mwingine atamkalia goti kwa goti? Asiposema, kile kitoto kinachoumbwa kitalishwa na mkono wake. Alimtafuta wa kumwuliza. Ukuta ulimtazama.

Ijumaa ilipofika, kisu kilipopita tu, hakufunika kwa kiganja.

"Fundi, mkwe wako asile matumbo tena."

"Kwa nini, umeanza kuyala wewe?"

Akamwonyesha kipande cha mfuko wa buluu, kimekunjamana kama kitambaa kilichoungua pasi.

"Kimetoka kwa samaki wa leo?"

Angeweza kujibu ndiyo, yakaisha.

"Wa leo. Na wa Ijumaa iliyopita, na wa kabla yake."

Fundi alikitazama kile kipande kama mtu aliyekwishakata nguo ya mteja vibaya. "Na ulikuwa unanifungia."

"Nilikuwa naosha."

"Mbona hukusema?"

"Ungeacha kuja."

Fundi akacheka kidogo, cheko la puani, la pua ile iliyokufa. "Mimi? Nitakuja."

Hakuja. Ijumaa ya pili hakuja. Ya tatu alipita na kuku kwapani, akasimama ng'ambo ya mfereji.

"Mkwe amepiga marufuku samaki nyumbani," akasema. "Hata yule wa kwenye kalenda amemgeuza ukutani. Anasema kuku hali mifuko."

"Hajamwona kuku jalalani huyo. Na yeye hajambo?"

"Hajambo. Tumbo limeanza kuonekana."

"Alhamdulillahi. Basi kaa kidogo."

Fundi akamtazama kuku. "Huyu hana magamba, shemeji," akasema polepole, akaenda.

Mbele ya meza alisimama mama mmoja wa ofisini, ameshika samaki kwa ncha za vidole, leso puani, hatua tatu nyuma.

"Matumbo nikufungie?" akauliza Bi Magamba, baada ya kumpokea samaki na kumpasua.

"Nifungie."

"Sogea uone kwanza kilichomo."

Yule mama akasita, akasogea. Kipande kilikuwa kidogo, ikabidi ainame, leso ikashuka, bega lake likagusa bega la Bi Magamba, likatulia hapo.

"Ni nini hicho?"

Bi Magamba akakifungua taratibu kwa ncha ya kisu, bila haraka yoyote, kunjo baada ya kunjo.