Shemeji Asiyegeuza Shingo

Mimi ni mtu wa salamu. Nikikusalimu nataka uniitikie sawasawa, uniulize habari za nyumbani, za kazi, za watoto, hata kama majibu unayajua. Ndiyo maana dada wa mke wangu alinishinda. Kule kazini kwake, kwenye bwawa la kuogelea la hoteli anakolinda waogeleaji, ukimsalimu anakujibu "salama" macho yakiwa majini. Shingo hageuzi. Mke wangu alisema ni kazi, mimi nikasema ni maringo.

Wenzake walimbandika jina Mnara, kwa vile anashinda juu ya kiti kirefu kisicho na egemeo. Egemeo alilikata mwenyewe kwa msumeno, eti linaleta usingizi. Hapo hotelini alianza kwa kufua taulo, na kuogelea alikuwa hajui. Alijifunza akiwa na miaka thelathini na tisa, alfajiri kabla wageni hawajaamka, ameng'ang'ania ukingo wa bwawa huku wafuaji wenzake wakimcheka mpaka wanashika mbavu. Leo hao hao wanampelekea watoto wao awafundishe. Mbishi yule mama, lakini kazi yake anaijua, hilo simnyimi.

Jumamosi moja nikampeleka binti yangu wa miaka mitano. Nikamsalimu shemeji kwa heshima zote.

"Salama, shemeji," akajibu, anatazama maji. "Mtoto uwe naye karibu, mkono wako umfikie."

"Mimi ni baba yake, wa kunielekeza nani?"

"Haya."

Haya, basi! Hasira zikanipanda. Nikamwacha mtoto akichezea maji kwenye ngazi, nikasimama hatua mbili hivi, nikampigia mke wangu simu nimshtaki dada yake. Bwawa nikaligeuzia mgongo makusudi, Mnara aone kwamba kununa na mimi najua.

Nilijiambia mtoto akipata shida atapiga kelele. Sijui nani alinidanganya. Anayezama hapigi kelele, pumzi ya kuitia anaitoa wapi? Nilichosikia ni kishindo cha mtu kujitosa. Nilipogeuka, shemeji alikuwa anatoka majini na binti yangu mikononi, midomo imebadilika rangi, kifua kimetulia tuli.

Nikafanya tulichozoea kusikia tangu utotoni: nikamkamata miguu nimning'inize kichwa chini, maji yatoke. Shemeji akanichapa mkono.

"Mwache. Anataka hewa huyu. Ita gari la wagonjwa."

Akamlaza chali, akamwinua kidevu, akamziba pua, akampulizia mdomoni taratibu, kila pumzi kifua kikipanda. Ya nne mtoto akakohoa, akatapika, akaangua kilio. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile. Shemeji akamlaza ubavu, akamfunika taulo kavu.

Mimi nikaanza kucheka ovyo, nikasema amepona, twende zetu nyumbani.

"Nyumbani wapi?" akaniuliza shemeji. "Maji yakishafika mapafuni, anaweza kukubadilikia baadaye. Hospitali."

Nikabisha. Gari lilipofika akapanda na mtoto, nami nikalikimbilia peku, viatu mkononi. Tulipofika hospitali mtoto alikuwa anahema haraka haraka, mbavu zinaingia ndani. Bila ubishi wa yule mama ningekuwa naye sebuleni, namwekea katuni.

Mke wangu alitukuta kwenye chumba cha dharura. Daktari alikuwa ameshamvika mtoto kifaa cha oksijeni, akasema atalala pale waendelee kumwangalia, ila dalili ni nzuri. Kisha akachukua fomu, akanigeukia mimi.

"Baba, alikaa chini ya maji muda gani?"

Nikageuza shingo kumtazama shemeji.

"Haikufika nusu dakika," akasema shemeji, nguo zake bado zinachuruzika. "Aliteleza kwenye ngazi ya pili. Nilikuwa namwona."

Daktari akaandika. Mke wangu alikuwa ananitazama, na niliona haya kuinua uso. Hiyo nusu dakika nzima alikuwa nami kwenye simu, ananisikia namsema dada yake.