Pua Namba Kumi na Saba

Kuna aibu za kuficha, na kuna aibu ambazo mtaa mzima wa Mji wa Kale umekwisha kuzila na kuzicheua, basi hizo afadhali uzisimulie mwenyewe upate angalau kuzitia sukari, na hii yangu ni ya aina hiyo. Lakini kwanza niwape habari ya mbegu ya ukwaju.

Nilikuwa na miaka sita hivi, tumekaa chuoni (chuo cha Kurani, maana shule nyingine niliiacha darasa la tatu, nayo haikunifuata), nikajitia mbegu ya ukwaju puani kwa sababu ambayo mpaka leo siijui. Ikapanda, ikakwama. Nikapelekwa kwa kampaunda, mchanganya dawa mmoja wa Kihindi, upande wa Mwembe Tayari, mzee ana koleo refu na mkono unatetemeka, mamangu akanikalia miguu, shangazi akanikalia kifua, na yule Mhindi akawa anachimba huku ananiambia, "Bado kidogo, beta, mwanangu, bado kidogo tu." Mbegu ilitoka. Ila tangu siku hiyo kitu chochote kikinikaribia pua, hata kikuba cha asumini cha mke wangu, mimi hurudi nyuma.

Na msinidhanie mwoga. Miaka thelathini nilikuwa kuli pale bandarini Mbaraki, nikibeba magunia ya saruji mgongoni, vumbi nikilila asubuhi na jioni, na walioniita mwoga hawakurudia.

Sasa mjukuu wangu Rukia, binti wa mwanangu mkubwa. Kasoma mpaka macho yakadai miwani, na kazi yake mwaka mzima sikuielewa, maana ni mtu wa elimu ya viumbe lakini hashiki damu wala panya, kutwa yuko na kompyuta ofisini kwao Kizingo, anaandika mistari isiyosomeka. Siku moja akanieleza jikoni, bibi yake Bi Zuhura, mke wangu, akisaga chatini.

"Babu, mwili ni vichembe, vinaitwa seli. Zamani walizisaga zote pamoja, kama hiyo chatini. Ukionja utajua mna pilipili, lakini ipi ndiyo kali, hujui. Sisi twaiuliza kila seli peke yake, wewe wafanya kazi gani humu? Kisha kompyuta inazipanga, zinazofanana zikae pamoja."

"Kama baraza," nikamwambia. "Kila kundi na kona yake."

"Babu wee, ungekuwa profesa!"

Neno hilo lilinipanda kichwani, nalo ndilo lililoniponza.

Kwa sababu Rukia alikuwa na kazi ya mkataba tu, na huo mkataba unakwisha, na ofisi imempa mtihani mmoja: achunguze seli za puani za wazee waliokula vumbi la bandari, na za wake zao, ajue kwa nini huyu anakohoa na yule hakohoi. Akifaulu anaajiriwa, akivuruga anarudi nyumbani kukaanga viazi na sisi. Lakini wazee hawataki kutoa pua zao! Nikamwambia, "Niachie mimi," nikazunguka kila baraza, nikawahutubia kuhusu seli mpaka rafiki yangu Athmani, mshona kanzu, akasema, "Yakhe, toa pua yako kwanza, ndipo tutoe zetu." Nikaapa mbele yao wote.

Siku ya siku nesi akaja nyumbani na sanduku la barafu. Kila mtu kichupa chake na kadi yenye namba, na mume au mke, bila jina (majina ni siri, hata Rukia haambiwi), mimi kumi na saba, maana zilizotangulia ni za mitaa mingine, mke wangu kumi na nane. Kisha akatoa kijiti chenye pamba, na ndugu zangu, kile kijiti kilikuwa kirefu kama cha mshikaki.

Nilimwona yule kampaunda amesimama mlangoni na koleo lake.

"Mwanangu," nikamwambia nesi, "mimi mtu mzima, nionyeshe tu, nitajitia mwenyewe faraghani." Akaheshimu mvi zangu. Nikaingia ndani, Bi Zuhura alikuwa amekwisha kujitia chake, hata chozi halikumtoka.

"Bi Zuhura, nitilie na changu."

"Nikutilie?"

"Jitilie wewe. Pua si pua?"

Akanitazama. "Bwana wee, pua yako ina nini, imeposwa?" Lakini akajitia, tundu la kulia likawa lake, la kushoto likawa langu, na mimi nikatoka nje nikipangusa pua kwa leso kama mtu aliyeumia. Jioni nikaitembeza kadi barazani. "Kumi na saba hii! Ya kwanza mtaani!" Wote wakatoa pua zao.

Miezi ikapita, tukaitwa ukumbi wa madrasa kusikia matokeo. Wanaume mbele, wanawake nyuma, na profesa wao, mwanamama wa Kigiriama mwenye sauti ya kupasua nazi, kakaa na kalamu mkononi. Rukia akarusha picha ukutani, nukta nyingi kama mchele uliomwagika, kila nukta seli moja, akaeleza vizuri, nikaanza kuvimba. Profesa akanyoosha kalamu.

"Na kumi na saba? Hapa pameandikwa mwanamume. Mbona seli zake zote za kike?"

Shingo zikanigeukia. Kisha Athmani, "Kumi na saba? Si wewe, Mbwana?" Na vicheko vikapanda mpaka dari, "Bi Mbwana! Bi Mbwana, lete kahawa!"

Hayo ningeyameza. Lakini Profesa hakucheka. "Tena ni sawasawa na kumi na nane. Binti, umechanganya vichupa. Nilikuonya."

"Sikuchanganya, Profesa. Nimerudia mara tatu, wiki tatu silali."

"Basi mashine imekosea?"

Mjukuu wangu akainamisha kichwa, miwani ikashuka puani. Nyuma kwa wanawake Bi Zuhura akakohoa, kikohozi ninachokijua mimi tu, maana yake ni: sema wewe, au nitasema mimi.

Nikasimama. "Hajakosea mtu. Pua zote mbili ni za mke wangu. Yangu hii hapa, haijaguswa tangu mbegu ya ukwaju."

Sitawaeleza kelele zilizofuata. Athmani alilala chini, wallahi, na kanzu yake nyeupe. Rukia alinitazama, sijui analia au anacheka. Profesa akagonga meza. "Binti huyu amemkamata mwongo asiyemjua hata jina. Mtu wa kazi kama hiyo simwachi aende, ameajiriwa." Kisha akanigeukia mimi, akafungua mkoba wake, taratibu. "Haya, mzee. Bado pua yako twaihitaji."

Akatoa kijiti.

Tangu siku hiyo nimeapa sitaahidi tena kiungo ambacho siko tayari kukitoa. Lakini pale pale nilisema, "Ngojeni kidogo, niende nikaisafishe kwanza," nikavaa viatu, nikaupita mlango, nikaipita birika ya udhu, nikaipita baraza ya Athmani bila kugeuka, nikashika njia ya Mwembe Tayari, na mpaka leo kahawa yangu nainywea huko.